Re: Albumini na kobalti – kwa nini majibu yanasoma juu?

Mkuu, unasema sampuli za damu kutoka Kongwa zinasoma juu hata kwa watu wasio na maumivu ya kifua. Kabla ya kulaumu mashine, pima albumini (protini kuu ya damu) yenyewe. Kipimo hiki cha albumini na kobalti, kinachotafuta dalili za moyo kukosa damu, hakihesabu uharibifu wa moyo. Kinaangalia kobalti iliyobaki bila kushikwa na albumini. Mgonjwa mwenye albumini ya 18 g/L hana cha kuishikia, kwa hiyo rangi ya kahawia itakolea tu, moyo uwe mzima au la.

Utaratibu ni huu: seramu (maji ya damu iliyoganda) mikrolita 200, kobalti kloridi 0.1% mikrolita 50, changanya taratibu, subiri dakika 10. Weka ditiothreitoli (1.5 mg/mL), kemikali inayotoa ile rangi ya kahawia ikikutana na kobalti huru, mikrolita 50, subiri dakika 2, malizia na mililita 1 ya maji ya chumvi 0.9%. Soma ukolevu wa rangi kwenye mwanga wa nm 470. Kila sampuli iwe na blanki (ya kulinganishia) yake isiyo na ditiothreitoli. Hiyo ditiothreitoli tengeneza siku hiyohiyo, ya jana imeshaanza kuoza kwa hewa.

Chupa za kifuniko cha zambarau usiguse kabisa: EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo ndani, inaikamata kobalti. Tumia nyekundu. Tenga seramu hukohuko Kongwa, upime ndani ya saa mbili na nusu; ikishindikana, gandisha nyuzi -20. Damu kusafiri nzima kwenye basi, jua la saa saba, hapana.

Halafu kiharusi na ini bovu navyo hupandisha majibu. Bila ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha troponini (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia) cha kurudiwa usimruhusu mtu kwenda nyumbani.