Mpira wa Sh350 ulionila Sh23,000

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia. Toyota Fielder yake inatetemeka akisimama kwenye foleni ya Jogoo Road, ila ikishashika mwendo inatulia kabisa. Taa ya injini imewaka. Fundi amepima kwa mashine, imetoa msimbo wa hitilafu P0171, na papo hapo akamwambia atafute sensa ya oksijeni. “Bro, ninunue ama nisinunue?”

Usinunue. Nilitaka kumjibu neno hilo moja nilale, lakini swali lake limenitonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Mimi ndiye niliyenunua. Toyota Corolla yangu, NZE, niliitoa Mombasa, na baada ya miezi michache hapa Nairobi ikaanza huo huo mtetemo. Nikasimama, usukani unanicheza mkononi. Nikikanyaga mafuta, mtetemo unaisha. Nikaipuuza hadi taa ikawaka, ndipo nikaenda gereji moja niliyoelekezwa na jamaa wa kazini. Fundi akasoma P0171 kisha akanieleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba gari limezoea hewa nzito ya pwani na huku juu hewa ni nyepesi. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Baadaye nilikuja kujua maelezo yake yako kichwa chini: hewa ikiwa nyepesi na mafuta yabaki yale yale, mafuta ndiyo yanayozidi, na P0171 inalalamika kwamba mafuta yamepungua! Tena injini hii ina sensa inayopima hewa inayoingia, kwa hivyo inajirekebisha yenyewe, iwe Likoni au Limuru.

Sensa ya oksijeni, Sh9,500. Taa ikazimika siku nne ikarudi. Pampu ya mafuta, Sh7,500. Kuosha nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, Sh3,000. Ufundi, Sh3,000 nyingine. Mara ya tatu niliporudi nikauliza kama haiwezekani hewa inavuja mahali. Fundi akawageukia wenzake, “Huyu ni mtu wa kompyuta, amesoma Google,” wakacheka. Nilicheka nao. Sijui kwa nini nilicheka nao.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Luthuli Avenue nikanunua kile kidude cha Bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, Sh1,200, nikaweka programu yake kwenye simu. Kusema kweli hapo ndipo nilipoanza kuelewa gari langu. Hiyo P0171 haikuambii ni kifaa gani kimekufa. Inasema kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, na bado hewa imezidi. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ndiyo inayopiga kamsa uwiano ukiharibika. Sisi tukamfukuza kazi mlinzi aliyepiga kamsa, mwizi tukamwacha ndani.

Kwenye programu tafuta namba mbili zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi, ya muda mfupi na ya muda mrefu, kisha uzijumlishe. Zikicheza karibu na sifuri, salama. Zangu, gari likiwa limesimama, zilifika +30. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo: zikashuka hadi +7. Hilo ndilo jibu lenyewe. Hewa inayopenya kwenye tundu dogo bila kupimwa ni sehemu kubwa ya pumzi ya injini iliyotulia, lakini injini ikivuta hewa nyingi, hewa hiyo ya wizi haionekani. Ingekuwa kinyume, namba nzuri ukisimama na zinapanda kadiri unavyokanyaga, ningeshuku pampu, chujio la mafuta au ile sensa ya hewa kuwa chafu. (Hiyo husafishwa kwa dawa yake maalum ya kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa.)

Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza kandokando ya injini. Soja wetu wa geti akanimulikia tochi, akiniuliza kama nimekuwa daktari. Dakika ishirini hivi, kisha nikasikia: sssss. Mpira mfupi unaorudisha mvuke wa oili kutoka juu ya injini kwenda kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, ulikuwa umepasuka kwenye kona, upande wa chini usioonekana. Nilipoubana kwa vidole injini ikatulia kama imeambiwa nyamaza.

Wako watu hupulizia dawa ya kusafishia kabureta ili waone mizunguko ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto na ekzosi iko pale pale. Mimi situmii.

Mpira mpya Kirinyaga Road ulikuwa Sh350. Ule wa kwanza nilikosea, niliweka wa maji, oili ikaulainisha ndani ya wiki moja. Omba unaovumilia oili. Nikafuta ule msimbo wa hitilafu, na baada ya siku chache namba zikakaa +3.

Ndugu zangu, tunanyolewa kwa sababu tunaona aibu kuuliza. Ukiambiwa ubadilishe kifaa, uliza: umekipimaje? Akikasirika, chukua funguo zako uondoke. Mimi siku hizi nauliza hata bei ya kufungua boneti, na mama watoto anasema nimekuwa msumbufu. Sawa.

Sensa yangu ya zamani bado iko kwenye droo, nzima. Na wewe mwenye Fielder, acha injini ipate moto kwanza, maana ikiwa baridi kompyuta bado haisikilizi sensa. Kisha unitumie picha ya namba hizo, moja umesimama, moja kwenye 2,500.