Kuthamini sanaa ukiwa Tabora: nilivyozika samaki kwa rangi ya kahawia

Wakuu, habari za jioni. Mdau aliyeanzisha uzi anasema mdogo wake yuko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu hapa Tabora, kapewa somo la kuthamini sanaa. Ametakiwa atafute kazi tano za sanaa za aina tofauti, azitazame kwa macho yake, aandike kurasa mbili kwa kila moja. Makumbusho makubwa yako Dar, nauli hana. Aanzie wapi?

Waliotangulia wamemwambia apakue picha mtandaoni amalize. Mimi nakataa. Sina digrii ya sanaa. Naandika mabango ya maduka na ubavu wa magari, kazi ya mwaka wa ishirini na kitu sasa. Lakini kutazama nilifundishwa, tena kwa aibu, na mwalimu wangu alikuwa mlango.

Kulikuwa na mzee mmoja kule Gongoni, anaozesha binti. Nyumba yao ni ya zamani, na mlango wa mbele ni wa nakshi, ule wa mabawa mawili. Ulikuwa umejaa vumbi, umepauka. Mzee akaniambia, "Fundi, nataka ung'ae." Nikanunua rangi ya mafuta ya kahawia, nikapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukang'aa kweli. Nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya tatu akashuka shangazi yake kutoka Ujiji, bibi wa heshima zake, amekuja harusini. Akasimama mbele ya mlango na mkoba wake mkononi, haingii. Akaniita. "Mwanangu, samaki wako wapi?"

"Samaki gani, bibi?"

Akanionyesha kwa kidole chini ya mwimo, ule mti wa pembeni wa fremu. Niliinama. Chini ya rangi yangu kulikuwa na kitu chenye magamba, kimevimba kama kilichopakwa uji. Nimeshinda siku mbili nimechuchumaa palepale, pua karibu na ubao, brashi inapita juu ya magamba yale, na sikuwa nimeona samaki hata mmoja. Ningekuwa sijui kuchora ningesema haya. Mimi ndiye mchora samaki wa mabango ya magenge ya mji mzima!

Basi, nikaambiwa niitoe rangi. Siku tisa, bila malipo, kwa kisu, msasa na mswaki wa meno. Chini yake ukatokea mninga wenye wekundu wake. Na kwa kuwa nilikuwa nakwangua inchi kwa inchi, hapakuwa na namna ya kutoona.

Sasa ndugu yetu mwanafunzi, chukua kalamu. Nilichojifunza siku zile ndicho walimu wenu wanachokiita kueleza, kuchambua, kufasiri na kuhukumu. Majina ni yao. Mpangilio wake ndio wa kushika, maana watu wengi wanaanza na la nne.

Kwanza sema kilichopo, basi. Mlango ule una kizingiti cha juu, una miimo miwili ya pembeni, na katikati una mfaa, yaani ule mti uliosimama ambao umepigiliwa kwenye bawa moja na kufunika ukingo wa bawa la pili. Samaki wako chini kabisa ya miimo. Juu yao kuna mistari kama mawimbi, kisha unatoka mmea, unapanda jani kwa jani mpaka juu. Ukingo wa nje umezungushiwa mnyororo. Hakuna neno "zuri" hapo, hakuna "unavutia". Ukijikataza maneno hayo mawili kwa ukurasa mmoja utashangaa utakavyolazimika kutazama.

Pili, uliza kimefanyaje kazi. Hapa ndipo palinichukua muda mrefu, na nitakaa hapa kidogo. Nilipofika siku ya tano nikagundua kwamba mlango wa saa mbili asubuhi si mlango wa saa sita. Nyumba inatazama upande ambao jua la asubuhi linaupiga mlango kwa ubavu. Saa mbili kila jani lilikuwa na kivuli chake, magamba yanahesabika. Saa sita jua liko utosini, nakshi yote imelala. Ndipo nikaelewa kosa langu lilikuwa nini hasa. Fundi aliyechonga mlango ule hakuwa na rangi. Alikuwa na kina. Anachimba sana pale anapotaka weusi, anachimba kidogo pale anapotaka kijivu, jua linamalizia. Mimi nikaja na rangi nzito, nikajaza mashimo, nikaua kivuli. Hata kama ningetumia rangi ya dhahabu ningekuwa nimeua vilevile.

Tatu, maana. Nenda taratibu. Kuhusu samaki utaambiwa ni riziki, au uzazi. Kuhusu mnyororo, wapo wanaosema ni ulinzi wa nyumba, na wapo wanaosema ni alama ya mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watumwa. Kwa Tabora hiyo ya pili inapata waumini wengi, kwani mji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kati ya Ujiji na Bagamoyo. Mimi naandika zote mbili na kutaja nimeambiwa na nani. Bibi wa Ujiji yeye alisema samaki ni samaki, "sisi tunakaa ziwani." Nalo ni jibu.

La nne ni hukumu: kazi imefaulu au haikufaulu, na kwa sababu gani. Ukiwa umepita matatu ya mwanzo, hukumu inakuja yenyewe.

Mlango wa mtu usiusimamie bila hodi. Panda bodaboda uende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Yeye na Stanley waliishi pale mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Kuna mlango wa nakshi pale. Ila kwa kurasa zako mbili usiandike habari za Livingstone, zimeshaandikwa za kutosha. Andika jengo. Usanifu wa majengo ni sanaa pekee unayoweza kuingia ndani yake. Toka juani uingie tembeni, usikie ngozi ya mkono inavyobadilika. Ukuta mnene wa udongo, paa bapa, ua katikati. Kisha nenda stesheni, jengo la enzi ya Mjerumani (reli ya kati ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914), ulinganishe. Moja limejificha, limegeuza uso kwa ndani, uani. Jingine limesimama likitaka lionekane na kila anayeshuka. Hiyo tayari ni kurasa mbili.

Uchongaji. Kinachoniuma ni kwamba kiti cha kitemi cha Kinyamwezi kinachosifika kuliko vyote, cha miguu mitatu na mgongo mrefu wenye umbo la mtu, kiko Berlin. Nimekiona pichani tu, na picha ya kinyago au kiti ni kama kumsikiliza mtu kwa nusu sikio: kazi ya kuchonga inataka uizunguke. Kwa hiyo mwambie mdogo wako achukue kinyago chochote cha Kimakonde kutoka sebule ya mtu, akiweke mezani, akizunguke mara nne. Vile vya watu waliobebana, vinavyoitwa ujamaa, vinasomeka vizuri kwa njia hii. Kila upande una uso uliokuwa umejificha. Mpingo wa kweli ni mzito, ukiutupa majini unazama, na mara nyingi mchongaji huacha kipande cha mti mweupe wa nje kwa makusudi. Ukikuta kinyago chepesi kinachopaka vidole weusi, hiyo ni dawa ya viatu.

Uchoraji ndio kazi yangu, na hapa nitajibana nisimalize uzi wote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka minne tu! Alichora kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli. Watu wanasifia wanyama wake na madoa yao, sawa, lakini mimi kama mchora mabango naona kingine. Rangi ile haichanganyiki ubaoni kirahisi. Ukiiwahi mbichi inavurugika. Unapaka eneo moja, unasubiri likauke, unaweka jingine juu yake. Ndiyo maana rangi zake zimekaa kama vipande vilivyokatwa, kila moja na mpaka wake. Mtindo umetokana na kopo. Leo ukiingia gengeni ukaona nyanya na dagaa wamechorwa ukutani, tazama mpaka wa rangi, utajua fundi alisubiri au alikuwa na haraka. Yangu ya miaka ya mwanzo yote inaonyesha haraka.

Sasa ngoma, ambayo wengi hawaihesabu. Sanaa za maonyesho zina shida moja: mlango unakusubiri, ngoma haikusubiri. Ikishaisha umebaki na kumbukumbu. Ukienda mahali ambapo wenyeji wanacheza manyanga, ngoma ya vibuyu vya kutikisa, usijaribu kusikia kila kitu, utarudi na "ilikuwa nzuri". Mzunguko wa kwanza sikiliza vibuyu tu, vile vya mkononi. Wa pili tazama nyayo. Wa tatu msikilize anayeanzisha wimbo na namna wengine wanavyomdaka: wanasubiri amalize, au wanamkatia neno la mwisho? Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza niligundua kwamba kwa muda mrefu kumbe mchezaji hakuwa akifuata ngoma. Mpigaji ndiye alikuwa anamtazama miguu. Nilikuwa nimehudhuria ngoma hizo toka nina miaka mitano.

Muziki wa dansi fanya vilevile. Mji huu ulikuwa na Tabora Jazz, tafuta rekodi zao za miaka ya 1970, usikilize wimbo mmoja mara tatu: mara ya kwanza gitaa la solo, ya pili rithimu, ya tatu besi. Subiri pale wimbo unapochanganya, uulize nani kaanza.

Tamthilia na ushairi sitasema sana, huko mna walimu. Ila mdogo wako ajue kwamba Nyerere alisoma hapa, akafundisha hapa St. Mary's, na baadaye akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Asome ukurasa mmoja kwa sauti, amesimama. Tamthilia ikisomwa kimya kitandani ni kama chakula kwenye picha. Filamu nazo, chagua dakika tano, zima sauti, uhesabu kamera imebadilika mara ngapi. Inatosha.

Kwa hiyo tano zake hizi hapa: jengo la Kwihara na mlango wake, kinyago cha kukopa, mchoro wa ukutani gengeni, ngoma, na wimbo mmoja wa dansi. Nauli ni ya bodaboda tu. Aende na daftari, simu aiache mfukoni nusu saa ya kwanza. Mimi kama ningekuwa na simu ya kamera siku ile ningepiga picha mlango, nikaenda zangu.

Na akipita Gongoni, akikuta mlango wa mninga wenye samaki, abishe hodi, wenyewe ni wakarimu. Aangalie mwimo wa kushoto, samaki wa chini kabisa. Ndani ya jicho lake kuna doa la kahawia. Mswaki haukufika.