Zungusha uzio kabla ya kumhamishia mtoto ziwani

Ndugu yangu, usimpe dalali wa Kayenze, kule kando ya Ziwa Victoria, hata shilingi moja kabla hujamaliza kusoma haya. Umeandika kwamba mwanao wa miaka 6 mwenye usonji (autism) huziba masikio na kulia kila spika za baa zinapofunguliwa pale Mabatini, Mwanza mjini, hivyo mnataka kuhamia shamba tulivu ufukweni, na unauliza kuhusu kuku, umeme wa jua na shule. Mimi nilihama kwa sababu hiyohiyo, na nusura nimzike mwanangu.

Dalali aliyeniuzia alinihakikishia kwamba mtoto wa aina hii anahitaji ukimya tu, na kwamba ziwa lingemtuliza. Nikiyakumbuka maneno hayo damu hunichemka, kwa sababu yeye alikuwa akiuza ardhi, nami nilimsikiliza kana kwamba ni daktari. Ni kweli kwamba kelele humtesa mtoto mwenye usonji, na kule wangu alianza kulala hadi asubuhi. Lakini hakuna aliyenieleza kwamba wengi wao hutoka nyumbani kimyakimya, kwamba maji huwavuta, na kwamba kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Fedha yangu yote iliishia kwenye banda la kuku, na upande wa ziwa nikapanda michongoma ambayo mwaka ule haikufika hata magotini.

Usiku mmoja wa giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao, niliamka nikakuta kitanda kitupu na komeo la mlango limefunguliwa. Nilikimbilia barabarani, kisha kwenye mihogo, nikiita jina lake, ingawa nilijua fika kwamba hata tukiwa tunakula pamoja nikimwita hageuki. Dakika zile nilizozipoteza nchi kavu huniamsha mpaka leo. Alikuwa ziwani, maji yamemfika kifuani, akizitazama taa na kuchezesha vidole mbele ya macho kama afanyavyo anapofurahi. Mama mmoja aliyewahi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kusubiri dagaa ndiye aliyemshika mkono.

Kwa hiyo uzio utangulie, kabla hamjahamisha hata kitanda kimoja: wavu wa chuma unaomzidi kimo, geti lenye komeo asilolifikia, na wavuvi wa mwalo ule wamjue kwa sura. Akikosekana, kimbilieni majini kwanza, hata kama mlango uliofunguka unatazama barabarani. Kama fedha ya uzio haipo, bakini mjini na mtafute chumba kilicho mbali na baa.

Kuhusu shule, ulizia iliyo na kitengo cha elimu maalumu, kisha upime mwendo wake kwa miguu wakati wa masika. Lakini kwanza nijibu hili: kutoka mlango wa nyumba hiyo hadi majini ni hatua ngapi? Kwangu zilikuwa 90.