Faini za bodaboda na kuomba ajira ya polisi: namjibu kijana wa Newala

Kijana wa Newala ameuliza hapa. Anasema ameendesha bodaboda tangu amalize kidato cha nne. Ameshaandikiwa faini za helmeti, mshikaki (kubeba abiria zaidi ya mmoja) na bima iliyokwisha, moja hajailipa mpaka leo. Juu ya hapo, mwaka jana alifikishwa mahakamani baada ya kugongana na mwendesha baiskeli, ambaye alisimama akampeleka hospitali, na anasema kesi "iliisha". Anataka kuomba Polisi nafasi zikitangazwa, ila wenzake kijiweni wamemwambia asijisumbue, jina lake limeshachafuka.

Mdogo wangu, omba. Inaniuma kuona vijana wa huku kwetu wanajikata wenyewe kabla hata ya mtu wa usaili kuwaona, kisa karatasi ya shilingi elfu kumi. Lakini umetuwekea faini na kesi kwenye kapu moja, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mimi niko Masasi. Nina pikipiki ambayo mtoto wa kaka yangu aliiendesha, kijiwe chake kikiwa Mkuti, kabla hajachukuliwa kwenda Shule ya Polisi Moshi. Maandalizi yake tulifanya pamoja, na walipokuja kumuulizia mtaani nilihojiwa na mimi kama shangazi anayeishi naye. Kwa hiyo nakueleza nilichokiona.

Unapoandikiwa faini barabarani, unachopewa ni deni lenye namba ya malipo. Kwa pikipiki na bajaji ni 10,000 kwa kosa, ilishushwa kutoka 30,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Ukikubali kosa, unalipa, limekwisha. Usipokubali, una haki ya kusema upelekwe mahakamani. Ukilipa palepale hakuna aliyekuchukua alama za vidole na hakuna hakimu aliyekutia hatiani. Tangazo la ajira linaposema mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu, haliongelei helmeti. Linamwongelea mtu aliyetiwa hatiani mahakamani, na hizo kumbukumbu hutafutwa kwa alama za vidole.

Kijana wangu alikuwa na faini za kutosha. Msimu wa korosho unajua mwenyewe: abiria ni wengi, kila mtu anawahi chama cha msingi au mnadani, na ukibeba wawili trafiki anakusubiri njia panda. Kwenye usaili walipoona ameandika kazi yake ni bodaboda walimuuliza kama amewahi kukamatwa. Akajibu kwamba ameandikiwa faini, akazitaja, akasema zimelipwa na risiti anazo. Wakaendelea na vyeti, kisha wakampima urefu.

Jibu hilo aliweza kulitoa kwa sababu tulishasafisha deni mapema, na hapa nakuomba usome taratibu. Ingia kwenye TMS, mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia faini za barabarani, tms.tpf.go.tz, utafute kwa namba ya pikipiki, kisha utafute tena kwa namba ya leseni yako. Fanya yote mawili. Sisi kwa namba ya pikipiki tulikuta deni ambalo kijana hakulijua kabisa. Lilikuwa la dereva wa deiwaka aliyeishika siku kijana akiwa anaumwa. Ndivyo ilivyo, faini ikiandikwa kwa namba ya chombo inakaa kwenye chombo, hata kiuzwe. Kwa hiyo kama unaendesha pikipiki ya bosi, usichukue madeni yote ya ile pikipiki ukajiita mkosaji, na pia usidhani leseni yako ni safi kwa kuwa bosi amelipa ya kwake. Faini ikikaa bila kulipwa inaongezeka, hiyo yako ya zamani usishangae kuikuta imepanda. Lipa, tunza risiti, kisha rudi kwenye mfumo uangalie kama deni limeondoka.

Kuna watu watakwambia wanaye mtu wa kukufutia faini kwenye mfumo. Wengine watakwambia kwa laki kadhaa jina lako litapita. Wakimbie. Ukitoa hela hiyo umetoka kwenye kosa la barabarani, umeingia kwenye rushwa, na hilo ni jinai yenye sheria yake ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Maombi ya polisi hayalipiwi.

Sasa hiyo kesi ya baiskeli ndiyo inayonipa mashaka, kuliko faini zako zote. "Iliisha" haitoshi. Iliishaje? Kama hakimu alikuachia huru baada ya kusikiliza ushahidi, uko salama, ila uwe na karatasi. Kama mwendesha mashtaka aliiondoa kesi kabla haijasikilizwa, hujatiwa hatiani, lakini inaweza kurudishwa, kwa hiyo ujue imelala au imekufa. Na kama ulikiri ukapigwa faini na hakimu, hapo umetiwa hatiani, hata kama kiasi ulicholipa kinalingana na cha trafiki. Vijana wengi huku hawajui hilo. Wanakiri haraka ili wawahi kurudi kazini, wanalipa, wanaona ni yaleyale ya barabarani.

Nenda masjala ya mahakama ile ile, uwe na jina lako kamili na namba ya kesi, uombe nakala ya hukumu au ya amri iliyotolewa. Ukishaisoma ndipo utajua unajaza nini. Na ujaze kweli. Wanaokufanyia upekuzi, yaani kuchunguza mwenendo wako kabla ya kukuajiri, ni polisi, na jalada la ajali lilifunguliwa na polisi. Ukificha, unakuwa na kosa la pili ambalo ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu umesema uongo kwa chombo unachotaka kikuamini.

Nakwambia pia kwa haki: yapo makosa ya barabarani ambayo mimi mwenyewe nisingependa aliyeyafanya avae sare. Kuendesha umelewa. Leseni ya kughushi. Kugonga mtu na kukimbia. Pale Mkuti alikuwepo kijana mwenye ufaulu mzuri kuliko wa kwetu, alimgonga mama mmoja njia ya Ndanda akamwacha barabarani. Alitiwa hatiani, na maombi yake yaliishia kwenye upekuzi. Wewe ulisimama, ukampeleka yule wa baiskeli hospitali, umeandika mwenyewe. Hilo liseme ukiulizwa.

Mtaani kwangu aliyekuja kuulizia hakugusa habari ya faini hata moja. Aliuliza kwa balozi, akauliza kijiweni, akaniuliza mimi: anakunywa? Anagombana? Anavuta bangi? Hesabu ya bosi anapeleka? Analala wapi? Kwa hiyo ukiwa na ugomvi na mwenzako wa kijiweni, ukamalize.

Jambo la mwisho ni umri. Matangazo ya miaka ya karibuni yamewataka wa kidato cha nne na sita wawe na miaka 18 hadi 25. Hujasema una miaka mingapi, ila umeendesha muda mrefu, kwa hiyo usisubiri tangazo litoke ndipo uanze kutafuta nakala. Tangazo likishatoka siku za kuomba huwa chache, na mfumo wa maombi huelemewa. Wiki hii lipa ile faini, wiki ijayo nenda masjala. Ukishapata karatasi ya mahakama, andika hapa hapa imesemaje, usiweke jina lako wala namba ya kesi, nitakusaidia kupanga barua yako ya maombi.