Fangasi wanaorudi kila mara: sukari ipi uache, na mbadala upi una maana

Dada uliyeuliza, nimeelewa hivi: fangasi wa ukeni wanarudi kila ukimaliza dawa, umeambiwa uache sukari, mkate, matunda na chochote chenye hamira, halafu utumie asali au sukari guru kwa kuwa ni "vya asili". Katika ushauri huo kuna kipande kimoja cha kubakiza. Cha asali kitupe.

Kabla hujagusa chakula, pima sukari kwenye damu. Figo zikiwa nzima hurudisha mwilini karibu sukari yote zinayoichuja, mpaka damu ifike takriban 10 mmol/L (180 mg/dL kwa mashine zinazosoma hivyo). Ikivuka hapo, sukari inatoka na mkojo, na Kandida, yaani fangasi wenyewe, wanaoishi kwenye ngozi ya sehemu za siri wanaletewa chakula mlangoni. Ushahidi mzuri wa jambo hili ni dapagliflozin na empagliflozin, dawa za kisukari zinazofanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo: fangasi wa sehemu za siri ni mojawapo ya madhara yake yanayojulikana zaidi, wanawake kwa wanaume, hata kama sukari ya damu imeshatulia. Kwa hiyo pima asubuhi kabla ya kula; ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, rudia siku nyingine. Au fanya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, ambayo kuanzia 6.5% ni kisukari. Ukikutwa nacho, kushusha sukari ya damu kutakusaidia kuliko orodha yoyote ya vyakula.

Kama vipimo viko sawa, basi nguvu ya chakula ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Sukari uliyokula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na mwili huilinda damu isipande ovyo, hivyo kijiko cha sukari kwenye chai hakishuki moja kwa moja hadi ukeni. Utafiti mmoja uliochapishwa 1999 uliwaongezea watu wenye afya wanga na sukari iliyosafishwa ukapima Kandida wa tumboni. Athari ilikuwa ndogo. Bado naunga mkono kupunguza sukari, kwa ajili ya uzito, meno na kuzuia kisukari chenyewe. Ila usiache ugali, ndizi na maharage ukakonda bure.

Hamira nayo imeonewa. Hamira ya mkate ni Saccharomyces cerevisiae, ambaye si Kandida, na joto la oveni au mafuta ya mandazi humuua. Ubaya wa andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta.

Sasa tuje kwenye viongeza utamu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa pesa.

Asali ni sukari kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, nyingi ikiwa fruktosi na glukosi, aina mbili za sukari. Sukari guru, sukari ya kahawia na sukari ya nazi ni sukrosi, yaani sukari ileile ya mezani, kwa sehemu kubwa, pamoja na rangi, harufu na madini kidogo. Tende kavu zina nyuzinyuzi, lakini sukari ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Hakuna hata kimoja kinachostahili kuitwa mbadala. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4; Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza, asali na juisi zikiwemo, isizidi 10% ya nishati ya siku, na ikiwezekana 5%, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja ni gramu 32, na hujagusa soda.

Stevia safi, kiongeza utamu kinachotokana na majani ya mmea, ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, na haipandishi sukari ya damu. Tatizo ni pakiti. Kijipakiti cha gramu moja hakiwezi kuwa stevia tupu, kingekuwa kichungu kisichonyweka. Kilichojaa mle mara nyingi ni dekstrosi, ambayo ni glukosi yenyewe kwa jina jingine, au maltodekstrini, wanga unaogeuka glukosi haraka. Suklarosi ya pakiti, kiongeza utamu cha kiwandani, nayo hivyo hivyo. Pakiti mbili kwa siku hazina neno. Pakiti kumi ni gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu, wakati wewe unajihesabia sifuri. Geuza pakiti usome viungo: kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Ya matone au vidonge vidogo kwa kawaida haina mzigo huo.

Zailitoli (xylitol kwenye pakiti) inalingana na sukari kwa utamu, kijiko kwa kijiko, na ina nishati ya kama kalori 2.4 kwa gramu. Sifa yake halisi iko mdomoni. Maabarani, sukari kama glukosi, maltosi na sukrosi huwasaidia Kandida kung'ang'ania seli za ndani ya mdomo, ilhali zailitoli hupunguza hali hiyo. Huo ni ushahidi wa maabara, usiugeuze kuwa dawa ya uke. Anza na gramu 5 hadi 10 kwa siku, ukizigawa. Ukirukia 40 kwa mkupuo tumbo litaunguruma na choo kitakuwa maji, kwa sababu isiyofyonzwa huvuta maji na kuchachushwa na bakteria wa utumbo mpana. Na kama nyumbani kuna mbwa, ifungie mbali. Kiasi kidogo tu humshusha sukari na kumuharibu ini.

Eritritoli (erythritol kwenye pakiti) ina utamu wa kama 70% ya sukari, na nyingi hufyonzwa ikatoka na mkojo bila kutumika, ndiyo maana haisumbui tumbo sana. Kasoro yake jikoni: ikipoa hurudi kuwa chembe. Usijaribu kupigia shira ya visheti, itakauka kama mchanga. Pia utafiti wa 2023 ulihusisha kiwango kikubwa cha eritritoli kwenye damu na matukio ya moyo na kiharusi, na 2024 ukaja wa zailitoli wenye mwelekeo huohuo. Tafiti hizo hazijathibitisha kwamba ndizo chanzo, maana mwili wenyewe pia hutengeneza kiasi, lakini mwenye ugonjwa wa moyo simshauri azile kwa wingi kila siku.

Mimi ningechagua njia isiyo na pakiti: punguza nusu kijiko kila baada ya siku chache, na chai ipikwe na iliki, tangawizi na mdalasini. Ulimi huzoea. Maziwa usiyaogope, Kandida albicans, fangasi wa kawaida wa ukeni, hawezi kutumia laktosi, sukari ya maziwa. Mtindi usiotiwa sukari kula, ni chakula kizuri, ila ushahidi kwamba unazuia fangasi kurudi ni dhaifu. Usiuingize ukeni, wala kitunguu saumu, wala siki, siki inaunguza.

Kwa fangasi wa mdomoni hesabu ni nyingine, kwa sababu huko sukari inawagusa moja kwa moja. Pipi ya kumung'unya au chai tamu ya kunywa kidogokidogo asubuhi nzima ni mbaya kuliko soda iliyonywewa mara moja na chakula. Anayetumia inhela ya steroidi, ile ya kuvuta kwa pumu, asukutue na kutema kila baada ya kuvuta. Meno ya bandia yavuliwe usiku na yasafishwe. Nistatini ya maji, dawa ya fangasi wa mdomoni, izungushwe mdomoni kwa muda kabla ya kumezwa. Nyingi zimetiwa sukrosi, kwa hiyo uliza famasia.

Ile ya kutema mate kwenye glasi ya maji asubuhi ili kujua kama una fangasi haipimi chochote. Mate yana ute, ute unashuka.

La mwisho, hakikisha ni fangasi kweli. Uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, muwasho, bila harufu kali: huenda ni wao. Harufu ya samaki inaelekeza kwenye bakteria, na uchafu wa njano au kijani wenye povu ni wa trikomonasi, kimelea cha ngono; hao hawajali klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kuweka ukeni, wala lishe. Wakirudi mara tatu au nne kwa mwaka, omba kipimo cha kuotesha, kwa sababu jamii nyingine za Kandida, kama glabrata, hazisikii sana flukonazoli, kidonge cha fangasi cha miligramu 150 ulichokizoea. Ukiwa mjamzito usiimeze flukonazoli, tumia klotrimazoli ya kuweka kwa maelekezo ya mkunga au daktari. Na mtu yeyote mwenye utando mweupe mdomoni unaoambatana na maumivu ya kumeza apime VVU wiki hiyohiyo, asianze na kubadilisha sukari.