Kabla hujakubali kwamba una UTI sugu, kumbuka ulivyojaza kopo

"Nina UTI sugu," yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Kwenye foleni ya maabara sentensi hii haikosi siku. Mtu amemeza antibayotiki ya siprofloksasini mwezi wa tatu, akarudia mwezi wa tano, akachomwa sindano mwezi wa saba, na kila akipima anaambiwa bado ipo. Wakati mwingine kweli ipo. Lakini mara nyingi kinachorudi ni uchafu ule ule ulioingia kwenye kopo kwa njia ile ile, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuna aliyemweleza namna ya kulijaza. Alipewa kopo, akaonyeshwa choo kilipo, basi.

Tuanzie mkojo unakotoka, maana kosa linaeleweka vizuri kuanzia huko. Figo zimekaa mgongoni chini ya mbavu, kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na ya kulia iko chini kidogo kwa kupisha ini. Kila dakika hupitisha lita moja ya damu na zaidi kidogo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, vinaitwa nefroni. Kwa siku vinachuja lita 180 hivi. Zingetoka zote ungekauka kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mirija ya nefroni hurudisha mwilini asilimia 99 ya maji hayo, karibu sukari yote na chumvi inayotakiwa, na kuacha urea (taka ya protini), asidi na ziada nyingine. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili, na huo ndio mkojo wako wa siku. Chembe za damu na protini kubwa hazipenyi kwenye chujio lililo zima, ndiyo maana damu kwenye mkojo, au povu zito linalorudi kila siku, si la kupuuza.

Kutoka kwenye figo mkojo hupita kwenye mirija miwili yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30. Hausubiri kuteremka wenyewe. Mirija huukamua kidogo kidogo kuelekea kibofuni, hata ukiwa umelala. Kibofu kikifika mililita 150 au 200 unaanza kuhisi haja, na kwa watu wengi 400 hadi 500 ni kujaa. Mpaka hapo mkojo wa mtu mzima wa afya hauna usaha wala bakteria wa kutajika. Shida iko kwenye mrija wa mwisho wa kutolea nje. Kwa mwanamume una sentimita kama 20, kwa mwanamke sentimita 4 tu, na mlango wake uko jirani na uke na si mbali na njia ya haja kubwa, wanakotoka bakteria wa utumbo waitwao *E. coli* wanaosababisha sehemu kubwa ya UTI. Ufupi huo unawasumbua wanawake mara mbili: bakteria hupanda kibofuni kwa urahisi, na mkojo unaoshuka husomba bakteria na ute wa nje ambao haukutoka kibofuni kabisa.

Kwa hiyo tunachotaka ni mkojo wa katikati. Nawa mikono kwanza. Mwanamke ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, kisha atenganishe mashavu ya uke kwa vidole viwili na asiyaachie mpaka amalize. Mwanamume asiyetahiriwa arudishe govi nyuma. Usitumie dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu tone lake likiingia kwenye kopo linaweza kuua bakteria tunaowatafuta. Anza kukojoa chooni, hesabu sekunde tatu au nne, halafu bila kukata mkojo ingiza kopo chini yake. Mililita 20 au 30 zinatosha, robo au nusu ya kopo la kawaida. Toa kopo, malizia chooni. Kopo lisiguse ngozi, kidole kisiingie ndani, na kifuniko kishike mkononi. Wengi hukilaza sakafuni mwa choo kikiangalia chini, halafu wanakifunga juu ya mkojo walioupata kwa uangalifu wote ule. Ukiwa kwenye hedhi na jambo si la haraka, subiri iishe. Kama haliwezi kusubiri, mwambie mtu wa maabara, la sivyo damu hiyo itaandikwa kuwa ya kwenye mkojo.

Kopo lenyewe litoke maabara. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyosuuzwa nusu nusu hubaki na sukari, na kuna wanaoambiwa wana dalili za kisukari kwa ajili hiyo. Iliyooshwa kwa jiki ni mbaya zaidi: mabaki yake hukifanya kijiti cha kupimia, kile kinachochovywa kwenye mkojo, kionyeshe damu na sukari ambazo hazipo. Vidonge vya vitamini C kwa wingi hufanya kinyume, huficha damu na sukari zilizopo, kwa hiyo taja kama unavimeza. Na usinywe chupa mbili za maji pale kwenye benchi ili mkojo uje haraka. Utakuja, ila mwepesi kama maji ya mvua, na kila tunachotafuta kitakuwa kimezimuliwa.

Kwa mtoto mchanga, usikamue nepi wala usimimine kutoka kwenye poti. Mfuko wa kubandika unafaa tu pale majibu yakija safi. Yakija machafu, hujui kama ni kibofu au ni ngozi. Njia nzuri ni kumsubiri akiwa wazi, nusu saa baada ya kunyonya, huku unamsugua taratibu chini ya kitovu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kwa duara, hadi dakika tano. Karibu mmoja kati ya watatu hukojoa ndani ya muda huo. Kopo liwe tayari mkononi mwa mtu wa pili, maana hatoi taarifa.

Sasa muda. Mkojo ni chakula cha bakteria. Tuseme mililita moja ina bakteria 30 wa ngozi, idadi isiyo na maana yoyote. Umekojoa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kopo likakaa kwenye mkoba, daladala, foleni, na likafika dirishani saa sita mchana. Wakigawanyika kila nusu saa, hiyo ni mara kumi na mbili: 30 wamekuwa 122,880. Na kipimo cha kawaida cha kusema "hapa kuna UTI" kwenye mkojo uliooteshwa, yaani uliowekwa maabara ili bakteria wake waote na kuhesabiwa, ni bakteria 100,000 kwa mililita. Ugonjwa umetengenezwa njiani. Fikisha mkojo ndani ya saa moja, isizidi mbili. Ukishindwa, uweke kwenye friji, si kwenye barafu, na ufike ndani ya saa 24.

Majibu yakitoka usiishie kwenye neno UTI, ambalo siku hizi huandikwa pamoja na taifodi kama chai na chapati. Mwombe aliyekuandikia akuonyeshe mistari mitatu. Wa kwanza ni chembe za usaha: zikizidi tano kwa kila eneo linaloonekana kwenye hadubini, kuna kitu kinawasha huko ndani. Wa pili ni chembe za ngozi, na huu watu wengi huuruka. Zikiwa nyingi, kopo limepokea mkojo uliopita juu ya ngozi au ute wa uke, na haki yako ni kurudia kipimo. Wa tatu ni naitraiti, kemikali ambayo hutengenezwa na baadhi ya bakteria kutoka kwenye naitreti iliyomo kwenye mkojo. Kazi hiyo huwachukua saa nne hivi kibofuni, ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora. Mgonjwa anayekwenda chooni kila robo saa anaweza kuwa na UTI kamili na naitraiti isionekane, kwa kuwa mkojo haukai. Upande mwingine, vijiti vilivyoachwa wazi bila kufunikwa chupa yao huonyesha naitraiti ya uongo. Chupa ikiwa imekaa wazi mezani, uliza.

Usaha bila bakteria nao una maana yake. Huenda ni klamidia au kisonono, ambavyo pia huunguza wakati wa kukojoa. Huenda ni kifua kikuu cha figo, ambacho hutafutwa kwa mkojo wa asubuhi wa siku tatu mfululizo. Muwasho na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda huelekea kuwa fangasi wa uke, na dawa za bakteria huwaongezea nguvu. Mwanamume mwenye mkojo unaodondoka na kukatika katika aangaliwe tezi dume kabla ya kumeza dozi ya nne.

Halafu kuna kichocho, ugonjwa wa minyoo ambayo mayai yake hutoka na mkojo, na hapa kanuni ya mkojo wa katikati inageuka. Ikiwa umeogelea au kufua kwenye mito, madimbwi au mashamba ya mpunga Pemba, Unguja, pwani ya bara au bara kwenyewe, na damu inatokea mwishoni mwa mkojo, tunataka matone ya mwisho, kwa sababu mayai hukamuliwa kibofu kinapojifinya. Kojoa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, baada ya kupanda ngazi au kuruka ruka kidogo. Dawa yake ni prazikwanteli, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Antibayotiki hazigusi minyoo hiyo hata kidogo, na kichocho cha miaka mingi kibofuni kinaweza kuishia saratani.

Ukirudiwa na dalili mara ya pili ndani ya miezi michache, omba mkojo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na huja na orodha ya dawa zinazomuua bakteria huyo na zile anazozicheka. Ikiandikwa wameota bakteria wa aina tatu au zaidi, ni uchafu, rudia. Na kama huna dalili yoyote, bakteria peke yao kwenye mkojo hawahitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo. Mzee mwenye mpira wa mkojo karibu hakosi bakteria. Kumpa dozi kila mwezi kunafuga wale sugu tu.

Homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, kutapika, au damu yenye mabonge: hapo maambukizi huenda yamefika kwenye figo, au njia imeziba. Usisubiri mkojo uote. Acha kopo maabara, kisha muone daktari siku hiyo hiyo, na kama ni mjamzito au mtoto, saa hiyo hiyo.