Je, Shabani ni jina la kutawanya ukoo?

SWALI: Mke wa mwanangu amejifungua mtoto wa kiume hapa Ujiji katika Mfungo Sita. Kwa desturi ya nyumba yetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, naye ni marehemu mume wangu, Shabani. Wifi yangu anapinga. Anasema jina hilo ni la aliyezaliwa mwezi wa Shabani peke yake, tena maana yake ni kutawanyika, hivyo huenda likautawanya ukoo. Je, ni kweli? Na tuandike Shabani au Shaaban?
Bibi wa mtoto, Ujiji, Kigoma

JIBU: Shikamoo Bibi, na hongera kwa kupata mjukuu.

Wifi yako hakukosea kuhusu kutawanyika, ila ameshika nusu ya maana. Shabani ni mwezi wa 8 wa mwaka wa Kiislamu, na wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar al-Asqalani, wameeleza kwamba uliitwa hivyo kwa sababu Waarabu walitawanyika kutafuta maji au kwenda vitani, baada ya kutulia katika Rajabu, mmojawapo wa miezi 4 mitukufu ambamo vita vilikatazwa.

Hata hivyo, kamusi za kale za Kiarabu huliweka shina la neno hilo miongoni mwa yale yenye maana mbili zinazopingana: kutenganisha na kukusanya, kupasua na kuunga, hata fundi wa kuziba nyufa za vyombo aliitwa kwa neno la shina hilohilo. Humo pia ndimo linamotoka neno la “mataifa” katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, na neno la “tawi” katika hadithi mashuhuri isemayo kwamba imani ina matawi sabini na kitu. Kwa maoni yetu, jina lenye asili hiyo linamstahili sana mtoto anayeendeleza ukoo wa babu yake.

Ama suala la mwezi, ni kweli kwamba watoto wengi hupewa jina la siku au mwezi waliozaliwa, na ndiyo maana tuna akina Juma, Hamisi na Ramadhani. Kalenda ya Waswahili huihesabu miezi 9 kuanzia Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa, ikabakiza majina ya Kiarabu kwa miezi 3 tu, yaani Rajabu, Shabani na Ramadhani. Na hayo matatu ndiyo tunayoyasikia mno katika majina ya watu, kuanzia pwani hadi Tabora na huko kwenu. Lakini hiyo ni desturi. Dini haikuweka sharti la mwezi, bali inahimiza jina lenye maana njema, na kumrithisha mjukuu jina la babu yake ni sababu inayotosha.

Kuhusu maandishi, Kiarabu kina herufi ya ayn ambayo Kiswahili hakina, kwa hiyo wapo wanaoandika irabu mbili, kama ilivyo katika jina la mshairi Shaaban Robert (1909–1962), na wapo wanaofuata matamshi ya kawaida. Yote ni sahihi. Muhimu ni kwamba katika cheti cha kuzaliwa liandikwe vilevile lilivyo katika vyeti vya baba yake, kwa kuwa tofauti ya herufi moja huwasumbua watu wanapoomba kitambulisho cha taifa au wanaposhughulikia mirathi.